Mkuu wa Chumba cha Meno na Hasira Zake

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Mkoa wa Simiyu)

  Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: HOFU. HASIRA. MTAZAMO. Yasomeni kwa sauti mara moja, halafu nyamazeni tusikilizane.

Leo nasema juu ya chumba cha meno, yaani chumba kile cha hospitali au kituo cha afya ambamo jino huzibwa au hung'olewa, na juu ya mtu anayekiongoza. Najua yuko atakayeuliza, "Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Uongozi wa chumba cha meno watuhusu nini?" Ni swali la haki. Baadhi yenu mmechaguliwa katika kamati za zahanati na vituo vya afya, na ni ninyi mnaoketi na waganga kuzungumza habari za huduma. Wengine mnafanya kazi humo humo, mnafagia, mnaosha vyombo, mnawapokea wagonjwa. Na kila mmoja wenu ana meno, au aliwahi kuwa nayo.

Wazee miongoni mwenu watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Wakati ule sehemu zetu hizi zilikuwa bado katika Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, maana Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa kuzunguka redio, wakajifunza, kisha wakaenda kufyeka majani na kuchimba vyoo. Somo la leo halina choo cha kuchimba. Kazi yake imo kifuani mwa mtu.

Haya, tuseme mama mmoja ametoka kijijini, huko Itilima. Shavu limevimba. Majuma matatu amesukutua maji ya chumvi, akatia karafuu, akatia tumbaku. Hawezi kutafuna matobolwa, hata ugali anaumeza bila kutafuna. Mwishowe ameuza kuku, akapanda pikipiki, akafika hospitali, akakaa katika foleni tangu alfajiri. Anapoingia chumbani, mkuu wa chumba anamtazama kinywani na kusema kwa ukali, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mama hajibu. Atajibu nini? Jino litang'olewa, naye atarudi kwake. Lakini jioni, kisimani, wenzake watamwuliza habari za safari. Hatasema habari za jino. Atasema, "Nimefokewa kama mtoto." Na jirani yake, ambaye jino lake limeanza kuuma juzi tu, atasikia hayo na kuamua kungoja. Atangoja mpaka usaha ujae. Jipu la jino la chini, likiachwa, laweza kutambaa chini ya taya mpaka shingoni, likaziba njia ya pumzi, na mtu akafa. Si hadithi ya kutishia watu. Waganga wanaijua hatari hiyo vizuri, na ndiyo sababu wanakasirika wanapomwona aliyechelewa. Basi tazameni ajabu hii: mkuu amekasirika kwa sababu watu huchelewa, na kwa hasira yake anawafanya wengine wachelewe.

Sasa sikilizeni swali jingine. "Pole mama. Jino hili limeanza kuuma lini?" Habari atakayopata mganga ni ile ile, tena ataipata kwa ukamilifu. "Ulikuwa wapi" si swali hata kidogo, ijapokuwa limeandikwa na alama ya kuuliza mwishoni. Mwalimu ayaandike yote mawili ubaoni ili darasa liyasome na kusikia tofauti.

Mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi nilipelekwa kung'olewa gego. Nililia, nikakaripiwa, nikashikwa kichwa kwa nguvu. Nilikaa miaka kumi na miwili sijakanyaga tena chumba cha meno, na siku niliporudi meno mawili yalikuwa hayafai kuzibwa. Nimesoma, nimepata diploma ya chuo kikuu, nafanya kazi ya kuwahimiza watu waende hospitali, lakini mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ile mikono yangu hulowa jasho. Hofu haiulizi cheti.

Kwa nini huwa hivyo? Mtu akiogopa, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Katika hali hiyo maumivu madogo huonekana makubwa, na mgonjwa akijikaza au kurusha kichwa kazi huwa ngumu kwa mganga pia. Kwa hiyo kuituliza hofu ni sehemu ya matibabu, kama vile sindano ya ganzi ilivyo sehemu ya matibabu. Lakini nisieleweke vibaya. Maneno matamu hayawi badala ya ganzi. Mkuu ambaye dawa ya ganzi imemwishia, akambembeleza mgonjwa avumilie, hana upole wowote. Kazi yake ni kuagiza dawa mapema, na kazi ya kamati ni kumsaidia kudai.

Mwaka 1959 daktari wa meno wa Marekani aitwaye Addelston aliandika njia ya kumtibu mtoto bila kumtisha: mweleze kwanza, kisha mwonyeshe, kisha fanya. Mtoto aelezwe kwa maneno anayoyajua kwamba meno yatahesabiwa. Aonyeshwe kioo kile kidogo, akiguse kwa kidole. Halafu ndipo kiingie kinywani. Yachukua dakika chache. Nami nawaomba ninyi wazazi, acheni kumwambia mtoto mtundu, "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Mnampandia mganga magugu kabla hajalima.

Tuje sasa kwa jambo gumu zaidi, nalo ni meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mnajua habari hizi. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha. Mtu anaangalia ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa jino la chonge, anasema hilo ndilo linalomwua mtoto. Ufizi unakwanguliwa au kuchimbwa kwa msumari au kisu. Kile kilichotolewa ni jino changa la mtoto, ambalo lingeota kwa wakati wake. Homa na kuharisha vina sababu nyingine, mathalani malaria au maji machafu, na sababu hiyo inabaki mwilini ikiendelea na kazi yake huku mtoto akitoka damu na kuingiwa na vijidudu katika kidonda. Hata jino la ukubwani, ambalo mbegu yake imelala chini ya lile, laweza kuota bovu au lisiote kabisa.

Mama anapomleta mtoto wa namna hii, mkuu wa chumba cha meno afanye nini? Damu yamchemka, na ina haki ya kuchemka. Lakini akimfokea mama mbele ya foleni, mama huyo hatasema tena habari hizo kwa mganga yeyote. Akipata mtoto mwingine atamficha. Mkuu mwenye busara hukumbuka kwanza kwamba mama huyu alifanya aliyoyafanya kwa sababu ya kumpenda mwanawe. Akishamtibu mtoto humketisha mama na kumwambia ukweli wote bila kuupunguza: kwamba jambo hili ni baya, kwamba lingemwua mtoto, kwamba asikubali tena na awaambie wenzake. Upole sio kucheka na kosa.

Hapo ndipo maana ya neno la kwanza na la pili ubaoni. Wataalamu wana jina la uwezo huu wa kujua hofu na hasira, zako na za mwenzako, na kuziongoza. Wanauita akili hisia. Wataalamu wawili wa Marekani, Salovey na Mayer, waliandika juu yake mwaka 1990, na tangu hapo vitabu vimekuwa vingi mno, vingine vya maana na vingine vya kuuza tu. Lakini wazee wetu waliujua uwezo wenyewe kabla ya jina. Katika Usukuma wa zamani nsumba ntale alikuwa kijana aliyechaguliwa na wenzake kuongoza kazi za pamoja. Hakuweza kulima shamba zima kwa jembe lake mwenyewe. Ilimpasa awajue watu wake, nani amechoka, nani ana neno moyoni.

Na mkuu wa chumba cha meno vivyo hivyo hafanyi kazi peke yake. Ana msaidizi anayeshika vyombo, ana mtu wa usafi. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hatari niliyotaka hasa kuisema leo.

Tuseme ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Wagonjwa wamekuwa wengi, mkuu amechoka na tangu asubuhi anagomba. Msaidizi anakusanya vyombo. Sindano iliyokwisha tumika inamchoma kidole kupitia glavu. Akisema, anajua atakachoambiwa: "Mzembe wewe!" Basi ananyamaza, anavua glavu, ananawa, anaenda nyumbani. Iko dawa ya kumkinga mtu aliyechomwa hivyo asiambukizwe virusi vya UKIMWI. Yapasa kuianza upesi iwezekanavyo, wala isipite saa 72, kisha inamezwa kwa siku 28. Hesabuni pamoja darasani. Siku moja ina saa 24. Mara tatu ni 72. Kutoka Ijumaa saa kumi alasiri, saa 72 zinakwisha Jumatatu saa kumi alasiri. Jumamosi anafikiri aseme, Jumapili anafikiri aseme, Jumatatu asubuhi anamkuta mkuu akigomba tena mlangoni. Jumatatu jioni dirisha limefungwa.

Mkuu huyo si mtu mwovu. Hakumtuma msaidizi anyamaze. Lakini kila siku alimfundisha kunyamaza, bila kujua kwamba anafundisha. Ukimwuliza leo, atakuambia kwa fahari kwamba katika chumba chake hakuna ajali. Kamati ikisikia hivyo isifurahi upesi.

Mtasema, basi mkuu asikasirike? Atakasirika; yeye ni mtu, tena wagonjwa ni wengi na wahudumu wa meno ni wachache. Lakini kuna hila ndogo. Kila mhudumu wa meno hapana budi anawe mikono baada ya mgonjwa mmoja na kabla ya mwingine. Kunawa kwenyewe huchukua nafasi ya kuvuta pumzi nne au tano. Akasirikapo, na anawe polepole, avute pumzi ndefu, ndipo ageuke na kusema. Maji hayo yapo tayari, hayaongezi gharama. Na akiwa amekwisha kosea, akamkaripia msaidizi mbele ya watu, na amwombe radhi mbele ya watu. Wengi huomba radhi faraghani, nyuma ya mlango, na hiyo ni nusu tu.

Limebaki neno la tatu, MTAZAMO, nalo nitalipitia upesi. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitazama vijiji visivyo na umeme. Mashine ya kutoboa jino haikuweza kutumika huko, kwa hiyo jino lililooza liling'olewa tu. Watu walikwisha zoea kusema, "Bila umeme haiwezekani." Wao wakaacha kuuliza umeme uko wapi, wakauliza mkono waweza kufanya nini. Wakakwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu kwa saruji maalumu inayonata kwenye jino. Hakuna mashine inayolia masikioni, na mara nyingi sindano haihitajiki, kwa hiyo hata hofu hupungua. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu mzima. Leo inatumika katika nchi nyingi, hata zile zenye umeme wa kumwaga.

Saa yetu imekwisha. Kwaherini mpaka juma lijalo, tutakapozungumza juu ya maji ya visima na meno yanayogeuka rangi ya kahawia.

KAZI YA DARASA

Someni kwa sauti, kisha nakilini katika daftari: ganzi, ufizi, gego, chonge, usaha, msaidizi, kamati, kunyamaza.

Andikeni sentensi mbili. Ya kwanza iwe maneno ambayo mgonjwa aliyechelewa hatapenda kuyasikia. Ya pili iulize jambo lile lile kwa namna ambayo mgonjwa ataweza kujibu.

Msaidizi amechomwa sindano Jumatano saa tatu asubuhi. Saa 72 zinakwisha siku gani, saa ngapi?

Walio katika kamati ya kituo cha afya, waulizeni wahudumu wa chini, mkuu akiwa hayupo: mara ya mwisho mtu kusema kosa lake kwa hiari ilikuwa lini?