Kompyuta Kuukuu Nayo Ina Mwenyewe



Leo twapenda kuzungumzia jambo linalowavutia vijana wetu hapa Busia: kununua kompyuta iliyokwishatumika, kuifungua jioni baada ya kazi, kuipangusa vumbi, kuibadilishia betri na kuirudishia uhai. Sisi polisi hatukuja kulipiga vita. Kijana aliyeinamia kazi hiyo hujifunza subira, na mashine iliyotupwa na mmoja humfaa mwanafunzi mwingine. Neno letu ni moja: kabla ya kuifufua mashine, jueni imetoka kwa nani.

Mji wetu una jina moja na serikali mbili. Mali iliyoibwa upande huu asubuhi yaweza kuuzwa upande wa pili kabla ya adhuhuri, na mnunuzi asiye na stakabadhi ndiye atakayekutwa nayo. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, ni kosa la jinai Uganda na Kenya pia.

Je, fundi ajilinde vipi? Kompyuta ya kubebeka kwa kawaida huwa na nambari yake ya utambulisho kwenye kibandiko kilicho chini yake. Mara nyingi nambari hiyo imehifadhiwa ndani ya mashine pia, nayo huonekana katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mashine inapowaka. Zilinganisheni. Zikitofautiana, au kibandiko kikiwa kimekwanguliwa, ulizeni. Huenda ubao mkuu ulibadilishwa kwa halali, lakini muuzaji na aeleze. Tena, muuzaji asiyejua nywila ya kompyuta anayodai kuwa ni yake anastahili kuulizwa zaidi. Mkiridhika, andikeni daftarini nambari hiyo, tarehe, bei, jina la muuzaji na simu yake, mbele ya shahidi. Daftari hilo ndilo litakalowatetea.

Hata mashine iliyouzwa kwa halali bado hubeba siri za mwenyewe wa kwanza. Kufuta faili peke yake hakutoshi. Picha, barua na hati za benki zaweza kubaki katika diski mpaka data nyingine iandikwe juu yake. Fundi mwaminifu huisafisha diski yote kwa programu maalumu, wala hachungulii. Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019.

Twawasihi pia mchunge maisha yenu. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa motoni. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani; asiyekijua asikifungue.

Ndugu zetu, mkiitilia shaka mashine, njooni kituoni kabla ya kutoa fedha. Kuuliza si kujishtaki. Mwizi hustawi penye mnunuzi asiyeuliza. Mkiuliza nyote, ng'ambo zote mbili, atakosa soko.