MAZUNGUMZO: MAFAILI YANAYOTENGENEZWA NA AKILI MNEMBA



Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, watumishi wengi wamezoea kuiagiza rasimu za barua. Mwaka 2023 programu hiyo iliongezewa uwezo wa kutengeneza faili zima, likiwa jedwali la hesabu au waraka, ambalo mtumiaji hulipakua na kulihifadhi katika kompyuta yake. Zipo nyengine zifanyazo hivyo hivyo.

Na tuchukue mfano wa karani wa ushirika wa wakulima wa pamba huko Ngulyati, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. (Mfano umechukuliwa mbali kwa makusudi, asije mtumishi wa hapa Visiwani akadhani anasemwa yeye.) Karani huyo ana daftari la mizani. Anaiandikia programu kilo za kila mkulima pamoja na bei, anaomba jedwali la malipo, na kabla chai haijapoa faili limekwisha kuletwa, lina mistari na vichwa vya kupendeza.

Hapana budi ifahamike faili hilo limepatikanaje. Programu hizi hutunga maneno kwa kukisia neno linalofuata. Zilizo bora, zikiagizwa faili, huandika kwanza maelekezo ya kompyuta, aghalabu kwa lugha ya Python, zikayaendesha katika mashine iliyo mbali, na faili likatokana na kazi hiyo. Jumla iliyopigwa kwa njia hii ni ya kuaminika zaidi kuliko iliyokisiwa. Lakini msomaji wa karatasi hawezi kuzitambua kwa macho. Mkulima wa kilo 412, ikiwa bei ni shilingi 1,150, anastahili shilingi 473,800. Likiandikwa 437,800, jedwali halipungui uzuri wake, bali mkulima amepungukiwa na shilingi 36,000, ambazo pengine ndizo ada ya mtoto. Kwa hivyo karani afungue faili, aguse kisanduku cha jumla na kuangalia kama ndani yake mna kanuni ya hesabu au tarakimu tupu. Kisha apige mwenyewe mistari kadhaa kwa kikokotoo na kulinganisha na daftari. Atakayetia saini ndiye mwenye dhamana, si mashine.

Hutokea pia programu ikasema faili liko tayari, na kiungo kikibonyezwa hakuna kitu. Hapo haina maana ya kubishana nayo. Iagizwe upya, au maandishi yanakiliwe na kubandikwa katika waraka wa kawaida.

Jambo zito zaidi ni majina. Kinachoandikwa humo husafiri hadi kwenye seva, nazo mara nyingi ziko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Namba ya kitambulisho, simu au akaunti ya mkulima isipelekwe kamwe. Karani aandike "Mkulima 1", "Mkulima 2", na majina ayajaze mwenyewe faili likishashuka.

Faili lipakuliwe siku hiyo hiyo, lipewe jina lenye tarehe, na nakala iliyochapwa iwekwe katika jalada. Kiungo hufungika baada ya muda, na faili halipatikani tena.