Mgonjwa wa Akili na Watu wa Nyumbani Kwake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili na vikao. Lakini nilipoombwa kusema, nilikumbuka jambo lililotokea nyumbani kwetu Kariakoo, nikaona nilieleze hapa, ingawa ndani yake mna aibu yangu mwenyewe.

Wengi wenu mnazijua nyumba za zamani za Kariakoo: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Katika nyumba kama hiyo nililelewa pamoja na mtoto wa shangazi yangu. Mimi nilipotoka Chuo Kikuu nikaingia Serikalini. Yeye aliuza khanga karibu na Mtaa wa Kongo. Mwaka 2009 baba yake alifariki. Wakati huo biashara yake ilikuwa imelala na madeni yamemkaba, hata hitima ya arobaini haikusomwa. Haukupita muda akaacha kulala. Alisema kila usiku anaitwa na marehemu baba yake.

Shangazi alimpeleka kwa sheikh, akanywa kombe. Kisha wakaenda kwa mganga, wakaambiwa kijana amepandwa na shetani, ipigwe ngoma apungwe. Mimi, msomi wa familia, nilikasirika. Nilimwambia shangazi kwamba huo ni ujinga na utanitia aibu mbele ya watu. Maneno hayo nayajutia mpaka leo.

Nikampeleka mgonjwa katika hospitali moja. Daktari aliiona hirizi mkononi mwake, akacheka. Shangazi aliambiwa asubiri nje. “Unasikia sauti?” “Ndiyo.” Basi, ikaandikwa. Sauti ni ya nani, na inasema nini, hakuna aliyeuliza. Tukapewa vidonge vya asubuhi, mchana na usiku, tukaenda zetu.

Ndugu zangu, vidonge vile vilifaa kitu. Kijana alianza kulala. Lakini Ramadhani ilipoingia alitaka kufunga kama watu wengine wa nyumbani, akaacha vya mchana. Baadaye akaacha vyote, na shangazi hakumzuia, kwa kuwa hakuna aliyemweleza vina kazi gani. Idi ilimkuta amefungiwa chumbani, na meza yake ya biashara imekwisha chukuliwa na mtu mwingine.

Safari ya pili tulimkuta mwuguzi mtu mzima, katika kliniki nyingine. Huyo alimwamkia shangazi, akamvutia kiti, kisha akamwuliza: “Mama, ninyi nyumbani mnasema amepatwa na nini?” Shangazi alisema kwa muda mrefu. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipojua kwamba kijana alikuwa akiitwa na baba yake kudaiwa hitima. Mwuguzi hakucheka. Alisema: “Hitima isomeni, hata kwa kahawa na maandazi. Dua ziendelee. Dawa za mitishamba msimpe kabla ya kutuambia, zisije zikagombana na hizi. Na vidonge asiache.” Akatwambia tumwone daktari ili saa za dawa zipangwe upya: mwezi wa kufunga ameze wakati wa futari na wakati wa daku. Tulifanya hivyo. Leo kijana yule ni mtu mzima, ana biashara yake, na dawa bado anatumia.

Nimeeleza haya kwa sababu si mambo ya nyumba yetu peke yake. Mwaka 2003 jarida la madaktari wa akili wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Dar es Salaam. Watafiti walilinganisha wagonjwa waliokwenda katika vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, 24 katika kila mia walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, yaani huzuni nzito na wasiwasi uliopita kiasi. Kwa waganga walikuwa 48 katika kila mia, mara mbili kamili.

Nini maana yake? Mtu wa Kariakoo haji akasema “nina sonona.” Husema ana mawazo mengi, moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto. Kwa maoni yangu, huenda kwa mganga kwa kuwa huko maneno yake husikilizwa, na ndugu zake hawaambiwi wakae nje. Waafrika wengine waliliona hili mapema. Mwaka 1954 Dakta Lambo wa Nigeria alianza kule Aro, Abeokuta, kuwatibu wagonjwa wakiwa wanakaa vijijini pamoja na jamaa zao, na aliwashirikisha waganga wa jadi. Hapa kwetu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, na Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kumvutia mama kiti.

Nisieleweke vibaya. Kuheshimu mila si kumwacha mgonjwa afungwe kamba au apigwe ati shetani atoke. Na mtu akichanganyikiwa ghafla huku ana homa kali, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, nayo haingoji ngoma. Wala simwambii mganguzi ajifunze mila zote kwa moyo. Mtaa mmoja wa Kariakoo una Mzaramo, Mpemba, Mkinga na Mchaga, na hata wa kabila moja hawaamini mamoja. Dawa ya jambo hili ni kuuliza. Atakaye cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo ninyi wadogo zetu, miongoni mwenu wamo madaktari na wauguzi wa kesho. Mtakapoletewa mgonjwa, ulizeni mambo matatu kabla ya kuandika: nyumbani mnauitaje ugonjwa huu? Mmekwisha kwenda wapi, na mmetumia nini? Mnaogopa nini zaidi? Na hapa shuleni, acheni ule utani wa kumwambia mwenzenu “utapelekwa Mirembe.” Mirembe ni hospitali, watu hutibiwa pale wakarudi makwao. Mwenzenu mwenye shida akisikia utani huo atanyamaza, nanyi hamtajua mpaka mambo yaharibike.

Nasi wazee, tusiwafiche ndugu zetu vyumbani kwa kuchunga vyeo vyetu. Mimi nilichunga changu, na aliyelipa ni mtoto wa shangazi yangu.

Ndugu Mwenyekiti, shangazi yangu bado yu hai. Nilimwomba radhi, akacheka, akaniambia nikae ninywe chai. Nimemweleza kwamba leo nitamtaja mbele yenu, naye amesema niwasalimu.