Kumfikia Mwanaume Kabla ya Polisi



Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na kwa hiyo kujiua nako ni nadra. Aliwapima watu waliofikishwa hospitalini, na zama zile wengi waliofikishwa ni wale waliokwishaleta fujo. Mwanaume aliyekuwa akikonda kimya barazani kwa mjomba wake hakuhesabiwa. Wakoloni waliondoka, dhana ikabaki. Bado tunaisikia misibani: haya mambo si ya kwetu. Makadirio ya Shirika hilohilo kwa mwaka 2019 yanasema vingine. Kanda ya Afrika ilikuwa na vifo takribani 11 vya kujiua kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ulikuwa 9. Kwa wanaume wa kanda hii peke yao, vilikuwa 18.

Basi tuulize: mwanaume wa hapa Kibaha na Kisarawe, akifika mahali pa kutaka kufa, anakutana na nani kwanza?

Sheria imekwishajibu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Majeruhi wa tukio lenye harufu ya jinai huombwa fomu ya polisi, PF3. Familia inalijua hilo kabla gari halijafika hospitali ya Tumbi. Kwa hiyo njiani wanakubaliana: ameteleza, amekunywa dawa ya shamba akidhani ni maji. Daktari anaandika ajali, anatibu mwili, anamruhusu. Hakuna aliyemuuliza lolote, na anarudi kwenye nyumba ileile na deni lilelile. Siwalaumu ndugu wanaodanganya. Wanamlinda mtu wao kwa njia pekee waliyoachiwa.

Si hapa tu ambako msaada huja na polisi. Uingereza, watu weusi huzuiliwa hospitalini kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara tatu kuliko weupe, nao huingia huduma kupitia polisi, badala ya daktari wa mtaani, mara nyingi zaidi kuliko weupe. Huko kuna ubaguzi wa rangi. Hapa mgonjwa na askari wote ni weusi. Hata hivyo matokeo yanafanana: mwanaume akishajua kwamba msaada umevaa sare, hauombi. Wenzetu Kenya wamepiga hatua. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kinachofanana na chetu, kinakiuka Katiba. Sioni kwa nini sisi tusubiri.

Lakini hata kifungu kikifutwa kesho, mwanaume hatakuja kliniki kusema ana huzuni. Anakuja na mengine: mgongo, kichwa kinawaka moto, usingizi umekata, na hasa nguvu za kiume zimepungua. Mchukueni kijana wa bodaboda pale Maili Moja. Pikipiki ni ya mkataba, kila jioni tajiri anataka hesabu. Ana mkopo wa kausha damu, na mikeka imechanika wiki nzima. Akimwambia tabibu kwamba chumbani mambo hayaendi, amekwishasema kila kitu alichoweza kusema. Tukimpa vidonge na kumwita anayefuata, tumemfukuza. Hapo ndipo pa kufunga mlango wa chumba, kumuuliza habari za nyumbani, za deni, za usingizi, kisha kumuuliza waziwazi: umefikia kuona heri ufe? Umefikiria kujiua? Wahudumu wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia wazo. Halipandikizi. Mara nyingi linamtua mzigo.

Na mzee wa Maneromango haulizwi kama kijana. Muuguzi wa umri wa binti yake akianza na karatasi ya maswali, mzee atajibu hapana mpaka mwisho. Aanze na shikamoo, mihogo, korosho, wajukuu. Tunaosomesha wauguzi tunaziita dakika hizo kupoteza muda, nami nasema ndizo tiba yenyewe inapoanzia.

Wengine hawafiki kliniki kabisa. Utafiti wa Ngoma na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, uliwapima wagonjwa wa Dar es Salaam: kwenye vituo vya afya asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, na kwa waganga wa jadi asilimia 48. Mara mbili! Kisarawe, nchi ya Wazaramo, ambako mganga ni jirani na mara nyingine ni ndugu, ni vigumu kumpita. Thomas Lambo alilielewa hilo huko Aro, Nigeria, tangu mwaka 1954, alipowaweka wagonjwa vijijini pamoja na ndugu zao na kushirikiana na waganga. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 inatupa pa kuanzia, kwa kuwa waganga husajiliwa. Tukubaliane nao jambo moja: anayetaja kufa apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Anayefunga mgonjwa kwa minyororo hatushirikiani naye, utamaduni au hapana.

Masheikh wangu, nanyi mna neno linalongojwa. Familia nyingi huogopa kwamba marehemu wao hatasaliwa. Kujiua ni dhambi kubwa, hakuna anayebisha. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu huku Pwani, marehemu huyo huoshwa na husaliwa. Likisemwa mimbarini, nyumba moja itaacha kuficha, na aliyebaki hai katika nyumba hiyo atapata wa kuzungumza naye.

Tuna hazina nyingine: utani. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo jambo ambalo kaka yake hathubutu, na asikasirikiwe. Ningependa kuona watu wa namna hiyo, walioko vijiweni tayari, wakifundishwa swali lile moja na mahali pa kumpeleka mtu.

Nimalizie na jambo linalowezekana mwaka huu. Shirika la Afya Duniani lilijaribu katika miji mitano, ukiwemo Chennai na Colombo, huduma rahisi katika utafiti wa watu 1,867 waliojaribu kujiua: mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa kwa miezi 18. Katika kundi lililoipata huduma hiyo, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2; katika kundi lililopata huduma ya kawaida, asilimia 2.2. Hakuna mashine iliyohitajika. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wanaweza kwenda Mlandizi na Mzenga, kila mmoja akiambatana na mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, awe mjomba, imamu, mtani au mwenzake wa kijiweni. Ila ziara ya kwanza inahitaji jina na sababu ya kweli kwenye faili. Ndiyo maana naiomba Wizara ya Katiba na Sheria ipeleke bungeni muswada wa kufuta kifungu cha 217, na ndiyo maana nawaomba madaktari wa mkoa huu waanze sasa kuiambia kila familia, kabla ya kuuliza chochote, kwamba wako pale kumtibu mtu wao.