Damu Nayo Ina Mizani Yake



Hapana mkulima miongoni mwetu akubaliye gunia lake la kahawa likadiriwe kwa macho. Sote twataka mizani. Lakini mwili ule uliolima kahawa hiyo twaukadiria kwa macho, tukisema, "Mimi mzima, sioni maumivu."

Moyo husukuma damu mishipani usiku na mchana, nayo damu huzikandamiza kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Hupimwa kwa milimita za zebaki, na namba zake ni mbili: ya juu moyo unapojikaza, na ya chini moyo unapolegea. Mtu mzima mwenye 120 kwa 80 yu katika hali njema. Akipimwa siku mbalimbali ikaonekana ya juu imefika 140, au ya chini 90, au kuzidi, huyo ana maradhi.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Mtu hulima, hula na kulala vema, kumbe mishipa yachakaa ndani kwa ndani, hata siku moja kiharusi kimwangushe, au moyo au figo zishindwe kazi. Wako wasemao kuwa ni maradhi ya matajiri wa mjini. Sivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu 1,280,000,000 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu yao hawakujua.

Basi tupunguze chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Tuache tumbaku, na pombe tuipunguze. Naye aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amejiona mzima. Vidonge huyazuia maradhi kama ukingo uzuiavyo maji. Ukiubomoa, maji hurudi. Asiviache ila kwa shauri la mganga.

Bwana Mwenyekiti, ombi langu ni moja. Siku za kupokea kahawa katika kila chama cha msingi, iwekwe meza karibu na mizani, na muuguzi mwenye kipimo. Mwanachama akishapimiwa gunia, anyoshe na mkono wake upimwe.