Beba Kipande Kimoja cha Reli

Msikilizaji, mjukuu wangu ana miaka minne, na tangu nimpandishe treni ya umeme kwenda Morogoro, nyumbani hapakaliki. Safari nzima, chini ya saa mbili, alikuwa amebandika pua kwenye kioo akihesabu nguzo za nyaya. Tuliporudi, hata viatu hajavua: “Bibi, na mimi nataka treni yangu. Ya umeme kweli.” Mtaani kwetu hayuko peke yake. Tangu SGR, reli hiyo mpya ya umeme, ianze kubeba abiria mwaka 2024, watoto wanapanga ndala mstari mmoja na kupiga honi kwa mdomo. Najua wengi mnaonisikiliza asubuhi hii mmeshaombwa hivyo hivyo, au mtaombwa karibuni.

Mimi nilidanganywa na picha ya kwenye boksi. Duka moja Kariakoo walikuwa na boksi kubwa, limechorwa kichwa cha treni chekundu, daraja, miti, taa na moshi. Ndani mlikuwa na vipande vinane vya reli nyembamba za plastiki, vinavyotoa duara moja la kutosha kuzunguka sinia. Siku ya kwanza ilikuwa shangwe tupu. Siku ya tatu mjukuu akasimama katikati ya lile duara, akaniuliza: “Bibi, Morogoro iko wapi?” Treni ya kuzunguka sinia haiendi wala hairudi, na mtoto aliyekwisha kusafiri analiona hilo upesi.

Nikarudi mjini kuongeza reli. Duka lile vipande vya ziada hawauzi. Duka la pili wakanipa vinavyofanana, rangi ile ile ya kijivu, nikalipa bila kujaribu. Kufika nyumbani, ulimi wa kipande kipya ukagoma kuingia kwenye tundu la kile cha zamani. Ulizidi kwa unene wa ukucha tu. Tukaviegesha hivyo hivyo. Kila treni ikifika kwenye kile kiungo, gurudumu la mbele linapanda, kichwa kinalala ubavu, mota inaendelea kuunguruma magurudumu yakiwa hewani. Mtoto aliiinua mara kumi hivi. Kisha akaiacha pale pale ilipolala, akaenda zake nje. Jambo lile liliniuma.

Kosa langu lina ndugu yake mkubwa, na huyo ni wa chuma. Reli yetu ya zamani, reli ya kati, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa miaka ya 1970 kwa upana wa milimita 1,067, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa milimita hizo, behewa la huku haliwezi kuingia kule, na pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hauna budi kushushwa upande mmoja ukapakiwa upande wa pili. SGR nayo imekuja na milimita 1,435, upana wa tatu. Kila reli ilikuwa na sababu zake, sina ugomvi na wahandisi. Ninachotaka kukuachia asubuhi hii ni hiki: ukienda dukani, uliza habari za reli kabla hujauliza habari za treni. Kichwa kitaharibika, kitabadilishwa, pengine kitapotea. Reli ndiyo utakayoiongeza sikukuu hadi sikukuu, kama vipande vyake vinashikana.

Waliolitambua hilo mapema ni Wajerumani. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin, ambayo ilianza kwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya wanasesere, ilionyesha treni za kukaza kwa ufunguo zenye reli za vipimo maalumu. Mtoto aliyepewa duara mwaka huu aliweza kuongezewa njia ya kuchepukia mwaka ujao, na kipande kikaingia mahali pake. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado maboksi mengi yanauzwa bila hata kipande cha akiba.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, mimi nasema reli za mbao. Ni zile pana kama sentimita nne, zenye mifereji miwili juu, ambazo BRIO ya Sweden ilianza kuzitengeneza mwaka 1958. Kampuni nyingine nyingi zimefuata kipimo kile kile, kwa hiyo vipande kutoka maboksi tofauti mara nyingi hushikana. Sisi tulivipata kwenye mitumba, mfuko mzima, vimechubuka lakini vizima. Juu yake unaweka kichwa kimoja cha betri, na mtoto ameshaupata umeme wake: anabonyeza kitufe, taa inawaka, mabehewa yanavutwa. Betri zikiisha usiku, anasukuma kwa mkono na safari inaendelea. Hilo la kusukuma kwa mkono nalithamini kuliko taa na honi zote, maana hapo mtoto ndiye dereva. Kama ni sakafu ya vigae, laza kipande cha plaiwudi chini. Juu ya vigae reli zinateleza na viungo vinaachia.

Wako watakaosema hiyo si treni ya umeme halisi. Wanazungumzia zile ndogo za reli za chuma, kipimo cha HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87 na reli zimeachana milimita 16.5. Ni kitu kizuri sana. Umeme wa kama volti 12 unapita kwenye reli zenyewe, reli hii chanya, ile hasi. Magurudumu yanauchukua na kuupeleka kwenye mota, na ukigeuza chanya kuwa hasi, treni inarudi nyuma. Mtoto wa miaka minane utamwona macho yanavyomtoka akilielewa hilo. Lakini wa miaka minne vidole vyake havijatulia vya kutosha kukalisha magurudumu yenye ukubwa wa kifungo cha shati juu ya reli. Tena hapa pwani, vumbi na hewa ya chumvi hufunika reli za chuma. Usipozifuta mara kwa mara, treni inasimama kila hatua. Baba mwenye hamu nayo anunue, aiweke juu ya meza yake mwenyewe, na mtoto aalikwe kutazama.

Mjukuu wangu, alipokiona kile kichwa cha betri, alikigeuza juu chini akaniuliza waya wa juu uko wapi. Swali zuri kabisa. Tukafungua kifuniko kwa bisibisi nikamwonyesha: treni ya Morogoro inachota umeme juu, kwenye waya wa volti 25,000, hii imebeba wake tumboni. Nikamwambia papo hapo kwamba waya ule wa kweli haukaribiwi, hata kwa uzi wa tiara. Kama mtoto anacheza treni ya umeme nyumbani, naomba na wewe umwambie.

Sasa usalama, na hapa nitakawia kidogo. Kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, rudisha dukani. Baadhi ya treni za bei nafuu zinatumia betri za mviringo mfano wa sarafu kwa ajili ya taa na sauti. Mtoto akiimeza moja ikanasa kwenye njia ya chakula, inaweza kuunguza nyama kwa ndani ndani ya saa mbili. Ukihisi tu kwamba amemeza, kimbilia hospitali, usingoje dalili. Mabehewa mengi hushikana kwa sumaku. Zivute kwa nguvu zako zote dukani uone kama zinang’oka, kwa sababu sumaku mbili zikiwa tumboni huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Na kama mna mtoto mdogo chini ya miaka mitatu nyumba hiyo hiyo, nunua kwa kumfikiria yeye, si yule mkubwa. Kitu kinachopita kwenye bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba.

Ndugu zetu walioko Marekani nao wana moyo wa kutuma seti nzuri za kuchomeka ukutani. Waombe wakupigie picha maandishi ya adapta kabla hawajafunga mzigo. Ikiandikwa 100 hadi 240, itafanya kazi huku. Ikiandikwa 120 peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaichoma, na transfoma inayoungua chumbani kwa mtoto ni hatari ya nyumba nzima. Hata adapta inayofaa, anayeichomeka ni mtu mzima, siku zote.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Keko, nimebeba kipande kimoja cha reli ya mbao kwenye mkoba. Fundi seremala alikigeuzageuza, akapitisha ukucha kwenye mifereji, akapima kwa rula, halafu akaokota chini kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda alichokuwa akitengeneza. Ulimi ndio uliomsumbua. Wa kwanza ulibana, wa pili ukalegea, wa tatu ukaingia na kutulia, akanikabidhi niujaribu mwenyewe. Ameniahidi vipande ishirini, vimepigwa msasa, bila rangi. Mjukuu ameshapima kwa hatua zake: kutoka mlango wa chumbani mpaka chini ya meza ya chakula, ambako ameamua ndiko Morogoro, kuna pengo la hatua tatu, na anataka kujua fundi atamaliza lini.