Tani wanazihesabu, vidole nani anavihesabu?

Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa chama, Amani, wilayani Muheza.

Najua wengine mmetoka Zirai na Kwamkoro kwa miguu, na wengine mmepanda mlima na bodaboda kutoka Muheza mjini. Nimepewa mada ya usalama kazini. Ni kubwa, kwa hiyo leo nitaongelea kitu kimoja tu: mikono.

Baba yangu mdogo alifanya kazi korona, kwenye shamba moja la mkonge huko chini. Siku moja singa zikajisokota kwenye mashine. Kuizima ni kusimamisha kazi yote, na msimamizi alikuwa anapiga kelele mzigo uishe. Akaingiza mkono wa kulia azitoe. Vidole vinne vikabaki humo humo. Akaambiwa ni uzembe wake, akapewa nauli ya kurudi nyumbani.

Nyie ni watu wa Tanga, mtanielewa nikisema hivi: tangu siku hiyo baba mdogo hajakaa kwenye sinia la pilau harusini. Kula na mkono wa kushoto mbele za watu hataki. Kulishwa hataki. Anasema ameshiba. Mwaka 2015 tulipokwenda kujiandikisha kwa BVR, mashine ikataka alama za vidole. Mzee akaangalia chini. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Sasa tuseme ukweli. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo mkoa huu ukawa wa mkonge. Baadaye Serikali iliufanya zao la kimkakati na kuweka lengo la tani 120,000 kwa mwaka. Sawa, hatupingi kilimo. Tunachouliza ni hiki: mbona kwenye hotuba zote hizo sijasikia hata mara moja lengo la vidole? Tani zinahesabiwa, vidole nani anavihesabu?

Na msidhani ni mkonge peke yake. Huku kwetu juu kuna visu vya kupogolea chai na mashine za kiwandani zinazosaga majani. Kuna misumeno ya mbao. Kuna mashine ya unga pale kijijini, ina mkanda ulio wazi na watoto wanapita pembeni.

Ukichunguza, ajali nyingi za mkono zinafanana. Kitu kimekwama, mashine inazunguka, mtu anaharakisha. Kwa hiyo shikeni haya.

Kwanza, mkono hauingii kwenye mashine inayozunguka. Zima, kata umeme, subiri isimame kabisa. Kama swichi ina funguo, ikae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Wengi wameumia kwa sababu mwenzao aliwasha bila kujua.

Pili, kifuniko cha mkanda na meno ya mashine kisivuliwe. Kikivuliwa kwa matengenezo, kirudishwe kabla ya kuwasha.

Tatu, glavu. Ukikata mkonge au kubeba majani, vaa, maana kuna miiba na maji yake yanawasha. Lakini kwenye mashine inayozunguka glavu inaweza kunaswa ikauvuta mkono. Hapo vua, pamoja na pete, saa na bangili.

Nne, kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu unatumia nguvu nyingi kinateleza. Na kwenye msumeno, ubao wa mwisho usukume kwa kijiti, usisukume kwa kidole.

Ajali ikitokea, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Kidole kilichokatika usikitupe. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki ufunge, mfuko huo uweke kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Halafu hospitali mara moja, na barabara yetu mnaijua.

Kuhusu haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke kinga kwenye mashine na atoe vifaa vya kujikinga. Siyo hisani. Wasimamizi wake ni OSHA. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Michango inalipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia, toa taarifa mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala. Piga picha mashine. Andika majina ya walioona. Usisaini karatasi hujaisoma, hata kama umeambiwa ni ya nauli.

Tunachodai kama vijana wa upinzani ni vitu vitatu. Ukaguzi ufike mashambani na viwandani bila mwenye kiwanda kuandaliwa siku. Ajali za kila wilaya zitangazwe hadharani. Na mashine ndogo za mkonge za wakulima zikaguliwe kabla hazijauzwa, kwa sababu pale mtu anashika jani kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini msisubiri tushike dola. Kesho asubuhi kila mmoja akague mashine moja pale anapofanyia kazi: ina kifuniko? Swichi iko wapi? Majibu mleteni tawini Jumapili, tuyaandike, tuyapeleke kwa diwani kwa barua yenye muhuri. Na wewe uliye msimamizi, siku singa zikikwama, usipige kelele. Zima mashine.

Jumapili tukutane na vidole kumi kila mmoja.